Mimba ya Kidoa

Jirani yetu mshona nguo anadai alimwona Kidoa, ng'ombe wetu, akiwapanda wenzake malishoni. Anasema alisimama uzioni mpaka akajiridhisha. "Yule hana mimba, shemeji," alimwambia Baba. "Mpandishaji amekupandishia hewa."

Maneno yakamwingia Baba. Asubuhi tulipeleka maziwa kituoni. Mpandishaji, yule aliyemtia Kidoa mbegu za dume kwa mrija, alikuwepo na mtungi wake wa mbegu, akisubiri wateja kama kawaida.

"Mwizi wewe," Baba alimwambia mbele ya foleni nzima. "Miezi miwili imepita, ng'ombe bado anatafuta dume."

Mpandishaji aliondoka na mtungi wake. Tangu siku ile watu wakapunguza kumwita.

Baba akapatana na mchinjaji aje kumchukua Kidoa. Mama akamwuliza, "Kwani umempima? Au siku hizi mshona nguo ndiye daktari wa mifugo?"

Basi daktari akaitwa. Alikuwa dada mpole. Alivaa glovu ndefu hadi begani, akaingiza kipimo kwa nyuma, taratibu. Kwenye kioo kidogo tukaona kitu kidogo kikidunda.

"Huo ni moyo wa ndama," alisema.

"Lakini alipanda wenzake," Baba alisema.

"Wapo wachache hufanya hivyo, na mimba wanayo. Wengine hutulia kabisa, kumbe watupu. Angalieni dalili za joto, yaani za kutafuta dume, wiki ya tatu baada ya kupandishwa, ila msiishie hapo. Kuanzia mwezi mmoja hivi, mashine hii huona. Maziwa au damu pia hupimwa maabara. Kwa mkono ni karibu miezi miwili, na awe mtu aliyesomea. Mkono wa kubahatisha huharibu mimba. Halafu mrudie kupima baadaye, maana mimba changa huweza kutoka."

"Na kama ningemchinja?"

"Ungechinja wawili, mzee."

Baba aliketi juu ya ndoo. Sikujua nitazame wapi.

Mchinjaji akaambiwa asije. Kesho yake Baba alisimama mbele ya foleni ya maziwa. Mpandishaji naye alikuwepo.

"Jamani, Kidoa ana mimba. Huyu bwana nilimwita mwizi bure. Sikuwa nimempima ng'ombe wangu."

"Mshona nguo naye ashone mdomo," mtu alisema nyuma. Wachache wakacheka. Baba hakucheka.

Akamgeukia mpandishaji. "Ndugu yangu, nisamehe. Kidoa akishazaa, uje tena kwangu."

Mpandishaji aliinua mtungi wake, akauweka nyuma ya pikipiki, akaanza kuufunga kamba. Alifunga polepole. Baba aliendelea kusimama, kofia mkononi, akisubiri jibu.