King'amuzi Kilichomlaza Mkuu Mapema

— Mmechelewa saa nzima.

Ndivyo walivyokaribishwa. Hakuna za safari, hakuna karibuni ndani. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, shati limechomekewa, rimoti ya king'amuzi inachungulia kwenye mfuko wa kifuani ambako wazee wengine huweka kalamu. Mtaa mzima unamwita Mkuu. Alikuwa mwalimu mkuu miaka ishirini na sita, na alipostaafu, shule aliiacha, ukuu akaondoka nao.

Mbele yake walisimama wawili. Mmoja ni Fundi, kijana wa kutengeneza televisheni na ving'amuzi, koti la kuazima, jasho la kwake mwenyewe. Wa pili ni baba yake mdogo, mshona suti, aliyemlea tangu ana miaka sita na aliyekuja kumposea.

Baba Mdogo akatazama saa yake ya mkononi, kisha akamtazama mwenyeji wake.

— Saa kumi kamili, Mwalimu. Kama barua yako ilivyosema.

— Saa kumi na moja, akajibu Mkuu, na kunyoosha kidole sebuleni.

Chini ya televisheni king'amuzi kilikuwa kinawaka namba nyekundu: 17:00.

Fundi alijua king'amuzi kile kinadanganya. Alijua kwa sababu ni yeye aliyekifundisha uongo.

Ilikuwa hivi. Mkuu ana binti, muuzaji wa duka la dawa, majirani wanamwita Dokta. Yeye na Fundi walikuwa wanapendana mwezi wa nane sasa, na mapenzi yenyewe yalikuwa ya simu tu, tena ya kunong'ona. Chumba cha Dokta kimepakana na sebule, na Mkuu hakubanduka sebuleni mpaka saa nne za usiku. Akishalala ndipo binti anapiga, na huku Fundi naye ameshaanza kukoroma. Mara mbili alimwitikia "naam mteja wangu".

Basi Jumatatu moja saa ya king'amuzi ikachanganyikiwa, ikawa nyuma kwa masaa. Mkuu akataka fundi. Dokta akasema, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba yuko mmoja anayesifiwa. Fundi akaja, akapiga magoti mbele ya televisheni, akafungua mipangilio, akaingia kwenye kanda ya saa, pale unapochagua saa ya nchi gani. Kazi ya dakika mbili. Mkuu akatoka kufuata miwani yake, na hapo hapo ujumbe wa Dokta ukaingia kwenye simu yake kutoka jikoni, hatua tano tu:

"Ongeza lisaa limoja. Alale mapema."

Na Fundi, mtu mzima mwenye akili zake, akabonyeza mara moja zaidi.

Wiki nzima iliyofuata wapenzi walikula raha, na Mkuu akaishi mbele ya ulimwengu. Saa ya ukutani ilishakufa zamani, simu yake inakaa kwenye droo, na hicho king'amuzi kinachukua saa yake angani, nani wa kukipinga? Alifika zahanati, akakuta mlango umefungwa, akasubiri saa nzima kisha akamsomea nesi somo la uwajibikaji. Kinyozi na muuza magazeti nao walipata lao. Msomaji wa taarifa ya habari aliposema "ni saa mbili kamili", Mkuu alimjibu kutoka kwenye kochi, "Muongo, ni saa tatu." Alikwishaamua kwamba watu wote wamelegea isipokuwa yeye.

Fundi na Dokta walitaka kuirudisha. Lakini rimoti haikutoka mfukoni mwa Mkuu, na king'amuzi chenyewe hakina kitufe hata kimoja. Fundi akajaribu njia nyingine, akamwomba baba yake mdogo waende saa tisa badala ya saa kumi. Baba Mdogo akamwambia anayefika ukweni saa nzima kabla ya wakati amefuata chakula, na yeye hajawahi kufuata chakula cha mtu. Ya king'amuzi Fundi hakuthubutu kuyasema.

Sasa wako mlangoni. Na kila mtu mtaani anajua kwamba mchumba wa kwanza aliyekuja kwa Dokta alirudishwa hapo hapo kwa sababu ya dakika kumi.

— Saa yako umeinunua wapi? Mkuu akamuuliza Baba Mdogo.

Baba Mdogo aliivua, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ile saa alipewa na marehemu kaka yake, babake Fundi, na hajawahi kuitilia shaka hata siku moja. Fundi akamwona anaitilia shaka, na moyo ukamuuma kweli kweli.

— Tusibishane, Mkuu akaendelea. Fundi aliyekirekebisha ndiye huyu. Kijana, sema mwenyewe. Ipi ni ya kweli, ya baba yako au ya hapa ndani?

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Fundi. Hakuhitaji kuisoma ili ajue imetoka jikoni, lakini aliichungulia. "Sema umeme ulikatika. Nakuomba."

Ilikuwa njia nzuri. Umeme haujitetei. Ila Fundi alimtazama tena baba yake mdogo, mshona suti aliyesimama mlangoni mwa watu na saa mkononi kama mtoto aliyeshikwa na kosa la mwenzake.

— Ya baba ndiyo ya kweli, Mkuu. King'amuzi kiko mbele saa nzima. Nilikiweka mwenyewe, na nilikiweka kusudi.

Baba Mdogo akaacha kuitikisa saa.

— Kusudi la nini?

— Ili... ulale mapema.

— Nilale mapema wewe ufaidike nini?

Kulijibu swali lile ni kumtaja Dokta, na Fundi alishaapa moyoni kwamba hatamtaja.

— Mimi ndiye niliyemtuma, baba.

Dokta alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Akayamwaga yote, miezi minane, kunong'ona, ujumbe wa jikoni. Akasema kama kuna wa kufukuzwa afukuzwe yeye, lakini mwanaume aliyekataa kuusingizia umeme, huyo hatamwacha. Alilia huku anasema, na sinia hakuliweka chini.

Mkuu alirudi ndani, akakaa. Hakumkemea mtu. Alikuwa anakumbuka, mtu angeweza kumwona anakumbuka, uso baada ya uso.

— Yule nesi, akasema taratibu. Nilimwambia anakula mshahara wa bure.

Kisha akamgeukia mkewe, ambaye muda wote alikuwa kwenye kochi la pembeni anashona kifungo.

— Mama Dokta, na wewe ulikuwa hujui?

— Nilijua siku hiyo hiyo. Nina simu.

— Ukanyamaza?

— Mume wangu, mwaka wa thelathini na moja huu nakusikia unasema watu wamechelewa. Nikajua ni wiki ya kawaida tu.

Baba Mdogo akakohoa kikohozi cha mtu anayezuia kucheka. Akashindwa. Dokta akafuata, huku machozi yangali yanamtiririka. Mkuu peke yake hakucheka. Alitoa rimoti mfukoni, akampa Fundi, na Fundi akaingia, akapiga magoti tena, safari hii watu wanne wakihesabu kila kitufe. Namba zikageuka: 16:25.

— Sasa sikilizeni, Mkuu akasema. Posa siisikilizi leo kwanza. Kuna watu nimewatukana, na wewe kijana ndiye uliyenipa sababu. Utanifuata nyumba kwa nyumba nikaombe radhi. Mzee mwenzangu akae anywe chai. Yeye hana kosa, alifika kwa wakati.

Baba Mdogo akaivaa saa yake, akakaa, kifua mbele.

Walianza kwa kinyozi. Mkuu alisimama mlangoni wima kama yuko mbele ya shule, akasema amekosea, akamwonyesha Fundi kwa kidole, "Huyu ndiye aliyeniharibia saa." Kinyozi akacheka mpaka akazima mashine. Kwa muuza magazeti ikawa hivyo hivyo, "huyu ndiye." Fundi aliinamisha kichwa kila mlango, na njiani Mkuu hakumsemesha neno. Kijana akaona yameisha. Akaanza kupanga namna ya kumwambia Dokta kwamba babake alitaka tu kumzungusha mtaani kwanza.

Kwenye zahanati, nesi alikuwa anafunga dirisha la dawa. Alipomwona Mkuu aliweka mikono kiunoni. Mkuu akavua kofia, na maneno yakamtoka kwa shida, moja moja. Akasema mshahara wake ni halali, na yeye ndiye aliyekuja kabla ya wakati. Nesi akalainika. Akamwangalia kijana aliyesimama nyuma, koti limelowa mgongoni.

— Na huyu ni nani?

Fundi akainamisha kichwa kusubiri kile kidole.

Mkuu aliivaa kofia yake, akaiweka sawa.

— Mkwe wangu, akasema. Angeweza kunidanganya leo akapona. Hakunidanganya.

Fundi akainua uso. Mkuu alikuwa ameshageuka anaondoka, kwa hiyo hakuona macho ya kijana yalivyojaa. Mkono wake wenyewe ukaenda mfukoni kutafuta simu.

— Weka simu, Mkuu akasema bila kutazama nyuma. Utamwandikia baadaye. Bado nyumba nne.

— Ndiyo, baba, Fundi akajibu, akakimbia kumfikia.