Mfupa Hausemi Nani

Kila akitoka shule, msichana waliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake alivua sare, akanawa mikono na kumpokea mdogo wake wa miezi minane, ambaye mashavu yalimjaa hata wakamwita Bonge. Mchana kutwa mtoto alilelewa na mama mdogo, aliyehamia kwao Bonge alipozaliwa, kwa sababu mama yao alishinda kiwandani akishona.

Alasiri moja wenzake walikuwa wakiruka kamba nje. Chiriku alimlaza Bonge katikati ya kitanda, akamwekea mto upande mmoja. "Naenda mara moja tu," alijiambia. Aliporudi, mtoto alikuwa sakafuni akilia kwa kwikwi. Akamnyanyua haraka.

Mama mdogo alikuja mbio kutoka uani, nguo alizoanua zimemjaa kifuani. "Kuna nini?"

"Usingizi tu unamsumbua," Chiriku alijibu.

Wiki mbili baadaye, mama akimwogesha mtoto, vidole vyake vilikuta uvimbe mgumu karibu na bega. Wote wanne walikwenda hospitali, Bonge akapigwa picha ya eksirei. Aliyeisoma alikuwa daktari mwanamke mwenye miwani, bingwa wa picha za watoto.

"Mtulinga, mfupa huu wa juu ya kifua, umevunjika," alisema akionyesha kwa kalamu. "Msiogope, unajiunga wenyewe. Uvimbe huu ni mfupa mpya, wa kama wiki mbili. Siku zile alikuwa na nani?"

Mama alimgeukia mdogo wake. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Umemfanya nini mwanangu?"

"Dada, haki ya Mungu, sijui."

"Wiki mbili mtoto anaumia, nawe hujui?"

Chiriku alitazama viatu vyake.

Jioni ile mama mdogo alifunga nguo zake katika mfuko mmoja, akambusu Bonge. Mlangoni alimshika Chiriku bega. "Maziwa yake usiyapashe sana, utamwunguza ulimi," alisema, akaondoka.

Siku tatu Bonge alilia akiutazama mlango. Chiriku alisukuma sahani yake kila mlo. Siku ya nne walirudi kwa daktari mtoto akaangaliwe, na kabla hata hawajaketi, Chiriku akasema, "Daktari, ni mimi. Nilimwacha kitandani nikaenda kuruka kamba. Akaanguka. Mama mdogo hakujua chochote."

Mama alikaa kitini.

Daktari alitoa jarida rafuni na kufungua kurasa alizoandika mwenyewe. "Nilisoma picha za watoto mia nne kwa miaka sita ndipo nikaandika haya," alisema. "Mfupa unaweza kutuambia, kwa kukadiria, umevunjika lini. Hausemi nani. Nilipaswa kuwaambia hivyo siku ile kabla sijauliza swali langu. Hayo mengine hayaonekani kwenye picha. Anayajua aliyekuwepo."

Walikwenda moja kwa moja hadi kwa rafiki aliyempa mama mdogo hifadhi. Mama alimpigia magoti. "Nimekukosea, mdogo wangu." Mama mdogo alimpokea Bonge, akalia mpaka ukosi wa mtoto ukalowa. Chiriku alieleza yote.

"Nimewasamehe," mama mdogo alisema hatimaye. "Nitakuja kumlea mchana. Lakini kuishi pale tena, dada, siwezi. Bado moyo unauma."

Chiriku alianza kulia. Mama mdogo akamvuta karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Mtoto kuanguka ni ajali. Ungesema siku ileile, ungegombezwa kidogo yakaisha, naye angetibiwa. Kuficha ndiko kulikomwumiza wiki mbili na kunitoa mimi nyumbani. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Walipoaga, Bonge alikuwa begani kwa mama, akimnyooshea mama mdogo mkono wa upande usioumia mpaka walipokata kona.