Jicho la Kulia la Asma

"We kaka! We kaka wa shati la bluu, toka hapo mbele!"

Kaka hakutoka. Alikuwa amesimama katikati ya soko la Majengo, Dodoma, Jumamosi, msimu wa zabibu, watu wamejaa mpaka hakuna pa kutua mguu, na yeye anachagua kichala utadhani anachagua mchumba. Asma alikuwa ameshabonyeza. Picha ya thelathini na sita, ya mwisho kwenye mkanda wa mwisho aliobaki nao, ikampata huyo mwanaume mgongo badala ya bibi muuza zabibu aliyekuwa anacheka.

"Umeniua," Asma akasema. "Wallahi umeniua."

Mwanaume akageuka. Mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, na miwani minene iliyoyakuza macho yake mpaka utadhani kashtushwa na jambo.

"Samahani sana, dada. Nionyeshe basi, kama nimetokea vibaya tufute."

"Tufute nini? Hii ya filamu!" Akamgeuzia kamera aone upande wake wa nyuma, mweusi, mtupu, hauna kioo wala kitufe. "Utajiona baada ya wiki tatu, kama nitapata wa kunisafishia. Na kwa miwani yote hiyo hukuniona? Imekukuza macho kama mtu aliyefumaniwa!"

"Nilikuona. Ndiyo maana miguu ilikataa kuondoka."

Asma alijitahidi asicheke, akashindwa. Mwanaume akajitambulisha kuwa anaitwa Mudrick, anauza kamera Barabara ya Sita, na kwamba Jumatatu atamtafutia kamera ambayo mtu akikatiza mbele anafutwa hapohapo. Asma akasema atafikiria. Uongo mtupu, alishafikiria tangu kwenye zile ndevu.

Kamera ya kidijitali aliihitaji kweli. Alikuwa mpiga picha wa harusi mwenye studio ndogo Nkuhungu, na maharusi wa siku hizi wanataka picha kwenye simu kabla pilau halijapoa. Lakini filamu ndiyo aliyofundishwa na baba yake, Mzee Hashimu, aliyewapiga picha watu wa Kondoa miaka thelathini mpaka macho yalipomkataa. Presha ya macho. Ilianza jicho la kulia, ukungu unakuja unaondoka, halafu ukaja ukakaa. Sasa mama ndiye anayemshika mkono kwenda msikitini, kwa kinyozi, chooni. Mama hajawahi kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma Asma kuliko yote. Daktari aliwaambia ugonjwa ule hutembea kwenye damu, watoto wakapime mapema. Asma alikuwa na miaka thelathini na miwili na hajapima. Aliogopa jibu.

Jumatatu akaenda dukani, gauni la zambarau, mtandio wa kijivu, na begi lenye lenzi tatu za baba yake zilizofungwa kwenye soksi. Mudrick akampokea amepiga pasi mpaka kola, na hana miwani.

"Miwani iko wapi leo?"

"Ya nini? Ile ya kusomea tu." Akapanga kamera tatu mezani haraka haraka. "Hii mpya kabisa, nyepesi kama simu."

Asma akaipima mkononi, akachungulia. "Nyepesi mno, nikipiga chafya inaruka. Halafu nikichungulia naona televisheni, simwoni mtu mwenyewe."

"Basi hii ya pili. Lenzi zako zinaingia, ila sensa yake, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ni ndogo, itabana picha. Hiyo lenzi yako ya milimita hamsini itavuta karibu kama ya sabini na tano."

"Yaani nikitaka kumpiga bibi harusi na mashangazi zake nirudi nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka Singida."

"Mungu wangu! Toa."

Ya tatu ilikuwa imetumika, nzito, imechubuka pembeni. "Lakini sensa yake saizi ileile ya fremu ya filamu," Mudrick akasema, "na inazipokea lenzi za mzee kama zilivyo."

Asma akaiweka jichoni, akatazama barabarani. Bodaboda, muuza karanga, herufi za bango la mbali, vyote vikakaa wazi kabisa. Roho ikatulia. "Hii hapa."

"Ongeza na lenzi moja inayojilenga yenyewe, mpenzi mteja. Za mzee ni za kuzungusha kwa mkono."

"Nalenga kwa mkono tangu darasa la sita. Na mpenzi ni nani?"

"Nimesema mpenzi mteja. Neno kubwa hapo ni mteja."

Kabla ya kuifunga, Mudrick alisimama nayo mlangoni akazijaribu lenzi zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa makini ya fundi, huku Asma akinywa soda na kumtazama mabega bila haya yoyote.

Kesho yake asubuhi, uani Nkuhungu, Asma akachungulia tena na kumwona mdogo wake Sikudhani akianika nguo. Ukungu. Akazungusha lenzi kulia, akazungusha kushoto. Ukungu. Akabadilisha lenzi. Ukungu uleule. Akakaa kwenye ndoo. Jana dukani aliona vizuri, leo haoni, na kamera ni ileile, lenzi ni zilezile. Basi kilichobadilika ni jicho.

Akaliziba la kushoto na kusoma maandishi ya kopo la rangi kwa jicho la kulia. Aliyasoma. Lakini si ndivyo baba alivyosema, unakuja unaondoka? Kamera ya zamani alikuwa ameituma kwa basi jana yake jioni, irudi kwa mzee Kondoa aishike tu mikononi ajifurahishe, kwa hiyo hakuwa na cha kulinganisha nacho. Kuanzia siku hiyo kila vumbi la Dodoma lililompitia usoni, yeye alisema ndiyo imeanza.

Na mapenzi nayo yakachagua kuja wakati huohuo. Mudrick alipiga simu asubuhi, mchana na jioni.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wewe ni mpenzi au bwana lishe?"

"Vyote. Jumapili twende Kizota, kuna mtu anachoma mishikaki, ukiila utanikubali hata kama hutaki."

"Nani kakuambia sitaki?"

"Rudia hapo, Asma wangu. Mtandao ulikata."

"Haukukata chochote. Ulisikia."

Alikuwa na furaha jamani, furaha ya kumfanya mtu aimbe akiosha vyombo. Kisha akikata simu anafumba macho na kujizoeza kumimina chai kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa. Alijiunguza vidole mara mbili. Mudrick alipouliza akasema mafuta ya maandazi.

Kilichovunja kila kitu, karibu miezi miwili baadaye, ni harusi ya Ihumwa, ya kwanza kuipiga kwa kamera ile. Asma alipiga picha mia nne bila kugeuza kamera kutazama kioo cha nyuma hata mara moja, maana mkono uliolelewa na filamu haujui kutazama nyuma. Alipozifungua kwenye kompyuta akataka kufa. Mama wa bibi harusi alikuja studio, akaziangalia zote, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko matusi, "Mwanangu, ukuta umetoka vizuri sana. Sasa mwanangu mimi yuko wapi?"

Asubuhi iliyofuata Asma akaingia Barabara ya Sita bila hodi. Mudrick alivuta droo, akasukumia kitu ndani, akasimama anatabasamu. Asma akaiweka kamera mezani.

"Muuzie mtu mwingine."

"Ina kasoro?"

"Haina."

"Mimi je, nina kasoro?"

"Huna."

Tabasamu likamwisha Mudrick taratibu. "Kuna mwingine?"

Asma akaona mlango wa kutokea. Akimwambia ukweli, mwanaume huyu ataapa kumshika mkono, na atamshika, na atazeeka akimpeleka chooni kama mama anavyompeleka baba. "Yupo," akasema. Akatoka kabla machozi hayajamuumbua.

Siku tatu Mudrick alipiga, hakupokelewa. Siku ya nne simu ikanyamaza, na Asma, aliyeomba inyamaze, akaikodolea macho kutwa nzima.

Alhamisi akajikaza akaenda kliniki ya macho. Sasa hakuwa na cha kupoteza. Alikuwa kwenye benchi, katikati ya bibi mwenye bandeji na mwalimu mmoja mstaafu, alipomwona Mudrick anaingia anahema, jasho limemlowesha shati, kamera shingoni na ile miwani usoni. Sikudhani, mtu pekee aliyeambiwa habari ya jicho, alikuwa ameshamwambia. Sikudhani hajawahi kutunza siri hata ya mboga.

"Nina neno moja tu," Mudrick akasema, "halafu nitakuacha na huyo mwingine. Chungulia."

"Mudrick, niache."

"Chungulia, nakuomba."

Asma akachungulia. Ukungu, ukungu wake uleule. Akataka kuirudisha, lakini Mudrick akasema subiri, akaweka kidole pembeni ya kile kitundu cha kuchungulia, kwenye kigurudumu kidogo kama kichwa cha msumari, akakizungusha. Bango la ukutani likasogea kutoka kwenye ukungu, herufi kwa herufi: OSHA USO WA MTOTO KILA SIKU. Asma aliona mpaka pini iliyolishikilia.

"Umefanya nini?"

"Hiki kinakirekebisha kitundu kifuate jicho la mtu. Siku ile mlangoni nilikizungusha kikafuata langu. Macho yangu mabovu, Asma. Nimevaa miwani tangu darasa la pili. Juzi nilichungulia nikiwa nimeivaa, nikaona ukungu. Nikaivua, kukawa kweupe. Nikasema, ee Mola, nimemfanya nini mtoto wa watu?"

"Kwa nini hukuvaa miwani siku ile?"

Mudrick akatazama sakafu. "Ulinicheka sokoni."

Kamera ya baba haikuwa na kidude kama hicho. Asma hakuwahi hata kujua kwamba kipo. Akacheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, akampiga kifuani kwa mtandio. "Miezi miwili! Miezi miwili najifunza kumimina chai nimefumba macho! Nimejiunguza kwa ajili ya ndevu zako!"

"Na huyo mwingine?"

"Hakuna mwingine. Niliona bora unichukie kuliko unishike mkono mpaka uzeeni."

Hapo Mudrick akakasirika, kwa mara ya kwanza tangu wajuane. "Uliniamulia. Hata kuniuliza hukuniuliza. Mkono ni wangu, mimi ndiye wa kusema naupeleka wapi."

"Nisamehe," Asma akasema. Bibi wa bandeji akaitikia kwa niaba ya Mudrick kwamba amesamehewa.

"Asma Hashimu!" nesi akaita.

Asma akasimama, akalishika begi. "Twende zetu. Kamera imepona."

"Kamera imepona," Mudrick akasema. "Wewe hujapimwa. Ingia."

Akaingia. Wakampima jicho moja, wakampima la pili, wakarudia. Daktari akasema presha yake ni nzuri, macho yote mawili, ila kwa sababu ya baba awe anarudi kila mwaka. Asma akamwomba aseme tena. Daktari akasema tena.

Ukumbini akapiga simu Kondoa.

"Shikamoo, baba. Nimepima macho. Sina presha. Sina kabisa, baba."

Akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia, mzee analia. "Alhamdulillahi. Mwanangu, miaka yote hii naogopa kukuuliza. Nilisema nimekurithisha kamera, na haya macho nayo nimekurithisha. Nilikuwa sili vizuri, Asma. Alhamdulillahi."

Wakalia wote wawili, wa Kondoa na wa Dodoma, kilio cha kutua mzigo. Mzee alipopata sauti akauliza, "Uko na nani huko?"

Asma akamtazama Mudrick. "Niko na mtu, baba. Anataka kukusalimia."

Mudrick akaipokea simu kwa mikono miwili. Akajifuta jasho, akafunga kifungo cha shingoni, akainyoosha miwani na kusimama wima, kana kwamba mzee anamwona.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Mudrick. Nina ombi, lakini si la kwenye simu. Jumapili, Mungu akipenda, nakuja nalo Kondoa na wazee wangu."