Chelezo Kilichokataa Kuzama

Kila asubuhi ya likizo ya Agosti, Mumbua alifungua mbuzi, akafagia uwanja, kisha akaenda nyuma ya bafu kuchimba minyoo. Hapo tu ndipo palipokuwa na unyevu katika boma lao la Ndithini, kwa kuwa maji ya kuoga yalimwagika hapo. Aliitia minyoo ndani ya kopo, akachukua fito yake yenye mshipi na ndoano, akawaswaga mbuzi kuelekea bwawa la Masinga.

Alichojivunia zaidi ni chelezo chake, kile kipande kinachoelea juu ya maji ili kikizama mvuvi ajue samaki ameshika chambo. Alikikata kutoka kwenye kisigino cha ndala kuukuu ya baba yake, kikubwa kama kiberiti, akakipaka rangi nyekundu iliyobaki mlango ulipopakwa. Aliwaiga wavuvi wa nyavu, ambao hufunga maboya makubwa. Angemwiga nani mwingine? Babu zake walikuwa wafugaji na wakulima, na bwawa lenyewe lilijengwa wao wakiwa tayari watu wazima.

"Hicho chako kinaonekana mpaka Embu!" binamu yake, Muli, ambaye baba yake alikuwa na mtumbwi na nyavu, alimtania.

Kilionekana, ndiyo, lakini hakikuzama. Mumbua alikaa juu ya mwamba, mbali na ukingo kwa sababu ya mamba, akakikodolea macho mpaka yakamwuma. Kila alipovuta mshipi, ndoano ilikuwa tupu, mnyoo umeliwa wote. Samaki walikuwa wanakula bure kama watu wasioalikwa arusini.

Siku ya Alhamisi mambo yaliharibika. Alipokuwa akitazama chelezo, mbuzi waliingia shambani kwa jirani yao, Mama Kavindu, wakatafuna kunde.

"Jumamosi ndiyo mwisho," alisema mama yake, Kamanthe, bila kupandisha sauti. "Ukirudi mikono mitupu, huo mshipi nampa Muli. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwaitu," alijibu Mumbua, akimwita mama kwa Kikamba kama walivyozoea nyumbani. Mshipi ule baba yake alimletea kutoka Thika, na hakuna kitu alichokipenda zaidi.

Jioni Muli alimvuta kando. "Sikia. Wavu wa baba umejaa. Jumamosi nakupa tilapia mmoja, unamwambia mama yako umevua. Nani atajua?"

Mumbua alijiona akiingia jikoni na samaki yule, mama akitabasamu. Kisha akatikisa kichwa.

"Halafu wiki ijayo utanipa mwingine? Mimi nataka kujua kwa nini chambo kinaisha na chelezo hakitikisiki."

"Wewe na maswali yako!" Muli alicheka, akaenda zake.

Ijumaa Abdifatah, mfanyabiashara wa mifugo aliyeishi pale sokoni, alikuja kutazama mbuzi wa kununua. Alifuatana na binti yake, Ilhan, aliyesoma darasa moja na Mumbua. Wakubwa walipokuwa wakipatana bei, Mumbua alileta karai la maji, akatia chelezo chake humo ili wajue kwa nini hakizami.

"Maji hayo nimeyaleta kwa punda!" mama yake alipaza sauti. "Mkimaliza, mbuzi wayanywe."

Wasichana waliyavuruga kwa udongo kidogo ili mkono usionekane. Ilhan akaingiza mkono chini, akashika ncha ya mshipi.

"Mimi ni samaki," alisema. "Nimevuta. Umeniona?"

"Bado."

"Nimevuta tena!"

"Kimesimama tu kama askari."

"Basi mimi nimeshiba. Kwaheri."

Mumbua alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Hebu niambie, ukivuta unasikiaje?"

"Kinanivuta juu. Ningekuwa samaki kweli, ningetema."

"Lakini ndala ni nyepesi!"

"Nyepesi mkononi mwako. Huku majini inabishana nami."

Mumbua alikitazama kipande chake chekundu. Kilimpendeza macho, lakini hakikumwambia lolote. Akakata mshipi, akakiweka chini.

Wakaanza kujaribu. Kiini cha bua la mahindi kilielea vizuri, lakini baada ya muda kikanywa maji na kuzama chenyewe. Kipande cha mti wa ua la mkonge kilikuwa bora, ila Mumbua alikikata kinene, nacho kikaleta ubishi uleule. Mwishowe akaokota unyoya wa kanga, akaukwangua ukabaki ule mrija wake mweupe. Ulilala ubavu juu ya maji kama mgonjwa. Akafunga nati ndogo ya baiskeli chini yake. Unyoya ukasimama wima, ncha tu ikichungulia.

Ilhan aligusa mshipi kwa kidole cha mwisho. Ncha ikainama.

"Nimekuona!" Mumbua alipiga kelele hata mbuzi wakatawanyika.

"Ilhan, mmekamata mwizi?" aliuliza Abdifatah.

"Hapana, aabe! Mimi ni samaki!" alijibu Ilhan, akimwita baba kwa Kisomali.

Jumamosi Mumbua aliwafunga mbuzi kwanza penye majani, ndipo akatupa mshipi. Ncha ilicheza mara moja, akavuta kwa pupa, akakosa. Akajilazimisha kutulia. Ilipocheza tena alingoja, na ilipozama aliinua fito. Ikapindika! Tilapia mpana kuliko kiganja chake akatua juu ya mwamba, akirukaruka.

Nyumbani, mama yake alimgeuza samaki huku na huku. "Huyu si wa wavu wa kina Muli?"

Mumbua hakununa. Alileta karai na unyoya. "Vuta mwenyewe, mwaitu."

Kamanthe alivuta polepole kwa kidole. Ncha ikainama. Akavuta tena, kama mtoto, kisha akatoa mkono na kuufuta kwenye leso.

"Nilikuwa nakupima tu; Muli mwenyewe aliniambia jana alivyotaka kukupa samaki ukakataa," alisema. "Ungemkubali, tungekula mlo mmoja, na wewe ungebaki hujui kitu. Kile chekundu ulikipenda kwa sababu ulikitengeneza wewe. Kilipokosea hukukitetea, wala hukudanganya. Uliuliza kwa nini, ukajaribu mpaka ukapata jibu. Fanya hivyo hata shuleni, hata ukiwa mtu mzima, maana wengi wetu hutetea makosa yetu mpaka kaburini. Mshipi ni wako. Na kunde za Mama Kavindu utaenda kuzipalilia Jumatatu. Sasa lete kisu nikuonyeshe kupara magamba."