Kompyuta Iliyobeba Magunia Peke Yake

Siku ile mjinga alikuwa Eustace, na mwenyewe hakatai.

Alikuwa na duka la kurekodi harusi pale Nachingwea: kamera moja, deki moja, na kompyuta aliyoisifu kuliko watoto wake. Mwaka 2004 Sabaha wa Ruponda alimletea kanda ya video ya marehemu mama yake, aihamishie kwenye CD. Kanda ilikuwa imechakaa. Ndani ya deki ililia kama bawaba yenye kutu.

Walijaribu. Kwenye kompyuta picha ikarukaruka. Mama alifungua mdomo, sauti ikapotea.

"Tukiicheza ovyo tena itakatika," Eustace alisema, jasho likimtoka. "Ngoja niongeze memori."

Akaongeza. Akajaribu kanda ya harusi. Mambo yakawa yale yale.

Sabaha aliikumbatia kanda yake. "Sina sauti nyingine ya mama," alisema.

Ndipo Eustace akamwita Dionisia, fundi wa kompyuta kutoka Ruangwa. Dionisia alifungua kompyuta, akacheka. Waya bapa wa diski ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa uzi.

"Nani kaupiga pasi huu?"

"Mimi, dada. Ulikuwa umekaa vibaya."

"Basi sikilizeni. Waya ukiumia, data inafika imeharibika. Makosa yakizidi, kompyuta inaacha njia ya haraka. Prosesa, ubongo wa kompyuta, inaanza kubeba data yenyewe, kidogo kidogo, kati ya diski na memori. Ni kama mwenye ghala la ufuta anayebeba kila gunia mwenyewe, huku wateja wanamwita mlangoni. Atamsikia nani?"

"Sasa afanyeje?" Sabaha aliuliza.

"Awaambie makuli: pelekeni pale, mkimaliza nipeni habari. Kwenye kompyuta njia hiyo inaitwa DMA. Data inapita moja kwa moja, prosesa inabaki na kazi zake."

Akaweka waya mpya. Akarudisha DMA kwenye mipangilio, akaiwasha kompyuta upya. Walianza na kanda ya harusi. Ikapita vizuri.

Sabaha akaitoa ya mama yake. Hakuna aliyethubutu kukohoa mpaka deki iliposimama. Kisha wakatazama kwenye kompyuta. Mama anatwanga, anamtania jirani, anacheka mpaka mwisho wa kicheko chake.

Eustace akashusha pumzi. "Lakini hata memori yangu imesaidia."

"Uliongeza ghala, kaka," Sabaha alisema, akifuta macho. "Njia uliikunja mwenyewe."