Aliyelichukua Shoka

Jioni ile nilishuka mtoni Takutu kuloweka mihogo. Kilikuwa kiangazi, maji yalinifika magotini tu, na ng'ambo niliwaona ng'ombe wa Brazili wakinywa. Mwanangu Alvino, wa miezi mitano, nilimbeba mgongoni.

Dada yangu Zenita ndiye aliyenituma.

"Nenda naye," alisema. "Akipigwa na upepo wa mto atalala."

"Jua linazama, dada."

"Wewe nawe! Mama mzima unaogopa giza?"

Nilicheka, nikaenda. Zenita alinilea tangu mama alipofariki. Sikuwahi kumbishia.

Mwezi ule kijiji kizima kilimtania. Mumewe alikuwa amepotelea machimboni, akamwachia watoto wanne. Hata hivyo alifyeka shamba peke yake, akaangusha miti ambayo wanaume watatu wangehangaika nayo mpaka mvua.

"Zenita, umeolewa na jini?" waliuliza. Alitabasamu tu.

Nilikuwa nimeinama majini niliposikia.

Tok... tok... tok...

Kafi likigonga ubavu wa mtumbwi.

Nikainua kichwa. Mtumbwi gani, katika maji ya magoti?

Kisha harufu ikanifikia. Chuma chenye kutu. Tumbaku. Na ndani yake, jasho la watu wengi waliofungwa pamoja.

Mtumbwi ulipita juu ya mchanga bila kukwaruza. Ndani alisimama mtu mmoja mwenye kofia pana. Uso sikuuona. Ng'ombe wote walikuwa wamekimbia.

"Hujambo, binti," alisema. Kilikuwa Kimakushi cha bibi yangu, kile ambacho sisi hatukisemi tena.

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nimemfuata huyo." Akataja jina.

Alvino ni jina la kanisani. Yeye alitaja jina la ndani, lile ambalo mganga humnong'oneza mama siku ya kujifungua, wabaya wasije wakalisikia. Mganga wetu alikwisha kufa. Tuliobaki nalo tulikuwa wawili. Mimi, na aliyenishika mkono nikizaa.

Zenita.

"Nipe," alinong'ona yule mtu, akinyoosha mikono. "Mimi sinyang'anyi. Mimi hupewa."

Bibi alitusimulia. Zamani, kabla Waingereza na Wabrazili hawajaufanya mto huu mpaka, Wareno waliupanda kwa mitumbwi wakitafuta watumwa. Hawakuanza na minyororo. Waliacha mashoka juu ya jiwe, wakaenda zao. Ukilichukua shoka, wakirudi uwape mtu. Wengine walitoa maadui. Wengine walitoa ndugu.

Nikakimbia.

Sikusikia hatua nyuma yangu. Nilisikia kicheko kidogo, cha mtu asiye na haraka...

Zenita alikuwa jikoni akigeuza mkate wa muhogo. Shoka lilikuwa limeegemea ukuta. Lilikuwa la kizamani, lakini makali yake yaling'aa. Alimtazama mtoto mgongoni mwangu, akashusha pumzi.

"Umerudi naye," alisema.

"Dada... hili shoka umelitoa wapi?"

"Lilikuwa juu ya jiwe."

"Ukampa jina la mwanangu?"

Akageuza mkate. "Ningempa la nani? La wangu?"

Moto ulilia. Nikarudi hadi mlangoni.

"Wewe bado kijana, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ileile aliyokuwa akinibembelezea nilipokuwa mdogo. "Utazaa mwingine. Kaa ule."

Sikukaa. Nilivuka mto kwa njia ya juu, mbali na mtumbwi ule, hadi Bonfim, upande wa Brazili, anakofyatua matofali mume wangu Osmar. Yeye husema tumepona, kwamba huku ni nchi nyingine. Yule mtu alikuwa akipita pale kabla nchi hizi hazijakuwapo.

Alvino sasa anatembea. Kila Jumamosi mchuuzi mmoja huvuka daraja na kuniletea mkate wa muhogo kutoka kwa dada, umefungwa vizuri kwa majani. Mimi huutupia mbwa. Lakini ujumbe unaokuja nao siwezi kuutupa.

"Dada yako anakusalimu sana," mchuuzi husema. "Anauliza, mtoto amefikia kimo gani?"