Lori Lisilozimwa

Siku Wilhelmina alipokutana na Ngeleja, soko la Bariadi lilikuwa limefurika watu na mashine yake ya kushonea haikuwa imepumzika tangu alfajiri. Lori kuukuu la bluu likasimama mbele ya meza yake likinguruma. Akashuka kijana mrefu, shati lake la drafti limechanika begani.

"Mwangaluka, dada. Nishonee hapa, nikiwa nimelivaa hivi hivi."

"Nitakuchoma sindano."

"Nichome tu. Nina haraka."

"Basi zima hilo gari. Moshi unaingia kwenye vitambaa vya watu!"

Ngeleja akacheka. Hakuzima, ila alirudi akalisogeza mpaka upepo ukapeleka moshi upande mwingine. Wilhelmina aliliona hilo, akalishona lile bega kwa uzi mara mbili.

Simu zikaanza.

"Mina wangu, umekula?"

"Wewe je? Uko wapi?"

"Migato, napakia pamba. Nakuwaza mpaka napita kijiji ninachokwenda."

"Mwongo wewe!"

Nyuma ya kila neno, ngurumo ile ile. Na kila alipopita nyumbani kwa Wilhelmina, Somanda, Ngeleja alimkabidhi machungwa getini, akamtazama kama mtu mwenye kiu, kisha akaondoka. Hakuwahi kuzima gari.

Miezi mitatu ikapita. Mzee Masunga, baba yake Wilhelmina, aliyehamia kwa binti yake kutoka Zagayu baada ya kuumia mguu, akataka kumwona huyo kijana. Jumapili hiyo Wilhelmina alivaa gauni la kitenge cha kijani alilolishona mwenyewe, akapika wali na kuku. Ngeleja alikuja na shati lake lile lile, limepigwa pasi. Alimsalimu mzee kwa kuinama sana. Akala matonge matatu, macho mlangoni. Nje, injini ikakohoa. Akaruka, akakimbia, na lori likaenda naye.

Mzee Masunga akanawa mikono polepole. "Mwanangu, mtu aliyekuja kuomba mke huzima gari."

Wilhelmina akampigia Ngeleja simu. "Una mwanamke mwingine anakusubiri?"

"Sina, Mina."

"Kwa nini basi huzimi gari kwetu?"

"Siwezi kusema."

"Basi usije tena."

Wiki nzima alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Ndipo Eufrasia, muuza chai mwenye kibanda kwenye mteremko, alipokuja kupimwa gauni.

"Yule kijana wako wa lori la bluu ananihuzunisha," alisema. "Betri zake zilikufa kabla hata msimu wa pamba haujaanza. Tajiri wake, mwenye lori, anamwambia azichaji tu, naye anazichaji, asubuhi zimekufa tena. Analiegesha mteremkoni kwangu ili liwake kwa kushuka. Akilizima tambarare, basi tena, mpaka apate watu wa kusukuma."

Wilhelmina alimpigia Ngeleja simu, futi ya kupimia ingali shingoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwenu ni tambarare, Mina. Ningezima, nani angenisukuma? Baba yako? Mkwe asukume gari langu na mguu wake ule mbovu, kabla hata hajanipa jibu la posa? Niliona aibu."

"Njoo leo."

"Nikizima sitatoka."

"Njoo uzime."

Alikuja saa kumi jioni. Alikaa ndani ya lori muda mrefu, mkono kwenye ufunguo. Kisha akazima. Kimya kikaingia uani. Wakasikika kuku wa jirani. Ngeleja akashuka taratibu, kama mtu aliyeacha nguo zake mtoni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Ingia."

Alikula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akasema lililomleta, akiangalia chini.

"Wazazi wako wapi?" mzee akauliza.

"Mwamanyili, baba."

"Waje."

Wilhelmina alikimbilia jikoni ili asionekane analia.

Wakati wa kuondoka, ufunguo ulitoa mlio mmoja mdogo, basi. Mzee Masunga akaegemeza fimbo yake ukutani, akaweka mikono yote miwili nyuma ya lori.

"Baba, hapana! Nakuomba!"

"Kaa kwenye usukani."

Wilhelmina akavua viatu. Majirani wanne wakaja bila kuitwa, mmoja na unga mikononi. Wakasukuma. Lori likasogea, likakohoa, likasimama. Wakasukuma tena, na tena. Halikuwaka.

"Wabeja, asanteni jamani," mzee alisema akihema. "Mwanangu, mtandikie mgeni sebuleni."

Ngeleja alibaki ameshika usukani usiomsaidia kitu. Pamba ilikuwa inamngoja Zagayu, na simu ya tajiri ilikuwa inalia, inakatika, inalia tena. Wilhelmina akapanda kwenye ngazi ya lori, akaingiza mkono dirishani, akaushika wake.

"Umezima," alisema.

"Nimezima, Mina."